Tulilitazama Bati

Wanaoidharau laivu ya mtandaoni husema haina kitu ndani. Kweli kabisa, na utukufu wake ndio huo. Filamu ukishamjua muuaji, umebaki na bakuli la bisi mkononi. Laivu haikufanyii ufedhuli huo.

Tena ina ukoo. Mwaka 1991, wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichoshwa na safari za kulifuata birika la kahawa na kulikuta tupu, wakalitegea kamera. Mwaka 1993 picha ikaingia kwenye wavuti, na watu wa nchi za mbali, ambao wasingeonja hata tone, wakawa wanachungulia kama limejaa. Kamera ilizimwa mwaka 2001. Halafu akaja April, twiga mjamzito wa jimbo la New York: mwaka 2017 alisubiriwa tangu Februari hadi Aprili 15, na siku ya kujifungua watazamaji walipita milioni moja. Nami nilikuwemo, mimi ninayepita Mikumi kwa basi nimelala, twiga wamejaa kando ya lami.

Lakini taji namvisha dada mmoja wa juzi usiku. Alikuwa anajisuka, simu ameiegemeza kwenye kopo la maziwa. Kila aingiaye anamtaja: "Karibu fulani, karibu." Akanitaja na mimi. Nyumbani kwangu nikiingia naulizwa mkate uko wapi.

Mara simu ikaanguka chali. Tukabaki na bati, kenchi moja, taa, na mjusi. Dada hana habari, sauti yake inaendelea kukaribisha watu. Tulikuwa mia tatu na ushei, na nakuapia hakutoka mtu. Mjusi akamwona nondo karibu na taa. Akasogea. Akatulia. Maoni yakaanza kumiminika: wengine upande wa mjusi, wengine upande wa nondo, mmoja anauliza hilo bati ni geji ngapi. Mwingine akatuma waridi, akasema wazi kwamba ni la mjusi, si la mwenye nyumba.

Mjusi akainua kichwa. Bando likakata.

Nikakopa salio usiku ule ule, deni ambalo sijalilipa mpaka leo. Niliporudi, bati lilikuwepo, taa ipo, nondo hayupo, mjusi hayupo. Nikauliza kilichotokea, hakuna aliyenijibu, maana wote walikuwa wanamsubiri mjusi arudi. Nikasubiri nao.