Mshairi Akiboronga Anapewa Maksi

Jamani, watoto wa siku hizi wanatafuta kutuua. Binti yangu wa kidato cha tatu kaja na shairi. Fupi tu, ukubwa wa risiti ya dukani. "Baba, nisaidie kuchambua." Nikajitia usomi. Nikavaa miwani. Sikuona kitu, kumbe ya mama yake.

"Hii ni bahari gani, baba?" Nikajibu ya Hindi, ile ya pale Feri. Akaniangalia kwa huruma. Kumbe ni tarbia, maana kila ubeti una mishororo minne. Ingekuwa mitatu ni tathlitha, mitano takhmisa. Sasa haya mimi ningeyajulia wapi?

Tukaingia kwenye mizani, yaani hesabu ya silabi. Kila mshororo 16: nusu ya kwanza, ukwapi, 8; nusu ya pili, utao, 8. Vidole vyangu 10. Nikavua kiatu niongezee. Soksi ina tundu, kidole gumba hicho kinachungulia. Binti hoi kwa kicheko. Halafu mizani yenyewe haina haki! Ng'ombe mizani mbili. Panya mizani mbili. Hata mtu mbili, eti ile m inahesabiwa peke yake. Nenda nayo buchani uone kama utatoka salama.

Lakini kilichoniuma ni hiki. Mshairi kaandika "mekwenda". Nikaruka: hapo kachapia, ni "amekwenda"! "Hapana baba, hiyo inkisari. Kafupisha neno ili mizani itoshe." Mbele kaandika "enenda" badala ya "nenda". Hiyo mazida, karefusha. Pengine kageuza silabi ya mwisho apate kina. Hiyo tabdila. Kaandika "langu jambo", kinyumenyume. Hiyo kuboronga sarufi. Yote yanaitwa uhuru wa mshairi, na ukiyataja kwenye mtihani unapewa maksi! Mimi nikiandika hivyo barua ya kuomba kazi, naulizwa shule niliishia wapi.

Nikasema basi, na mimi uhuru huo nautaka. Jumamosi mwenye nyumba akabisha hodi. Mzee wa watu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Kodi yangu pungufu, kama kawaida. Nikaona leo ndiyo leo.

"Shikamoo, mwalimu. Hiyo ni inkisari. Nimefupisha kidogo ili mwezi utoshe."

Akahesabu noti polepole. Akazikunja, akazitia mfuko wa shati. Akatabasamu kabisa.

"Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kuona unasoma. Basi kuanzia mwezi ujao, kodi ina mazida."