Bendi Hana Warithi

Barua ya wazi kwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kibaha, Mailimoja, ambako kila harusi ikifika saa nne usiku lazima zilipendwa zipigwe, la sivyo wazee wanadai michango yao.

Sheria yenu ya mwaka 1999 imenikosha. Inasema wimbo mmoja una mali mbili. Utunzi, yaani maneno na melodi, una hakimiliki: uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mkanda uliorekodiwa una hakishiriki, nayo ni miaka 50 basi. Safi kabisa! Ila huku mtaani mali zote mbili tumemwandikisha bwana mmoja anaitwa Bendi.

Bendi huyu ni nani hasa? Mwaka 1964 aliitwa NUTA Jazz, mwajiriwa wa chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina naye akabadili: JUWATA, kisha OTTU; leo anaitwa Msondo Ngoma. Vyombo vilikuwa vya chama. Mkanda ulirekodiwa Radio Tanzania, ukabaki hukohuko. Na wimbo je? Eti wa Bendi.

Sasa mchukueni mwimbaji na mtunzi Mzee Muhidin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Masaki, Kisarawe. Alitoka kwenye bendi hiyo akaenda Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, kisha Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Kila alipohama aliondoka na koo lake tu. Nyimbo zilibaki, kama masufuria ya mke aliyepewa talaka. Alipostaafu mwaka 2013, Diamond Platnumz akamzawadia gari. Tulishangilia sana, wala hatukuuliza kwa nini mtunzi wa umri ule angoje gari la kijana wa Tandale. Alifariki Aprili 2014. Kwa hesabu ya sheria yenu, tungo zake ni mali ya warithi hadi mwisho wa 2064.

Kama kuwasaka watunzi ni kazi nzito, napendekeza magitaa yalipwe mirabaha. Hayahami bendi, hayafi, wala hayaachi wajane wa kuja kuwasumbua ofisini.

La, kama pendekezo hilo halifai, fanyeni hili: mikanda ya Radio Tanzania iliyoko TBC iorodheshwe upya, mtunzi kwa mtunzi, na wanamuziki waliokuwamo studio waulizwe nani alitunga nini. Waliobaki ni wachache. Waulizeni mwaka huu.

Wenu,
Mpenzi wa dansi, Kibaha