Zeituni ya Udongo Katika Kuta za Kigali: Mhadhara wa Awali

Taaluma ya ukuta, ambayo mwasisi wake ndiye mhadhiri wa leo na ambayo mpaka sasa haijapata mwanafunzi, huanza kwa kufafanua istilahi. Zeituni ya udongo ni rangi ya kijani iliyofifishwa kwa manjano na nyeusi hata isijulikane kama ni jani, tope au sare ya jeshi, na anayeiita kijani chafu amejitoa mwenyewe katika safu ya wasomi. Kiswahili kiliitoa kijani katika jani, kama kilivyoitoa kijivu katika majivu na kahawia katika kahawa, na Kinyarwanda nacho hakikwenda mbali, kwani icyatsi ni nyasi na ni kijani vilevile.

Wapo wanaodai kwamba rangi hii ni ya kuja. Hoja yao huporomoka mbele ya imigongo, yaani mapambo ya matuta ya ukutani yaliyotokea Gisaka, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Kirehe mashariki mwa Rwanda, na ambayo jina lake ni ndugu wa damu wa migongo ya Kiswahili. Mapokeo humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyeanza kuipamba nyumba yake hivyo: mavi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kwa vidole mpaka matuta yasimame, huachwa yakauke, ndipo hupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Je, mavi mabichi ya ng'ombe aliyeshiba majani ya masika yana rangi gani? Uchunguzi makini, uliofanywa kwa kuinama, umethibitisha kuwa ni zeituni ya udongo tupu. Inafuata, kwa mantiki isiyo na mpinzani, kwamba mafundi wa Gisaka walikuwa nayo viganjani tangu mwanzo, na kwamba kuifunika lilikuwa kosa la kitaalamu ambalo sebule za mtaa wa Nyarutarama jijini Kigali zinalisahihisha sasa kwa fedha nyingi.

Lipo suala dogo la mwanga. Kwa kuwa Kigali iko karibu nyuzi 2 tu kusini mwa Ikweta, giza huingia upesi mnamo saa 12 jioni, na chini ya balbu nyeupe ukuta uliokuwa bustani saa 4 asubuhi hugeuka hema la kambi. Dawa yake ni balbu ya mwanga wa manjano, au wageni wa mchana pekee. Vumbi jekundu la mlangoni, ambalo wenye kuta nyeupe hulilia kila kiangazi, hapa huhesabiwa kuwa pambo.

Nadharia hii imekwisha kujaribiwa katika chumba kimoja cha mtaa wa Nyamirambo, Kigali. Baada ya mkono wa pili kukauka, fundi aliweka rola chini, akarudi nyuma hatua tatu, akauliza kwa adabu iwapo rangi yenyewe italetwa kesho. Swali hilo halikujibiwa, kwa kuwa halikuwasilishwa kwa maandishi.