Mpeni Siliaki Kibali cha Ukaazi

Kwa Waheshimiwa wote wenye mamlaka ya kuandika vipimo, kusaini rufaa na kutamka "hiyo haipo kwetu."

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA UKAAZI KWA UGONJWA WA SILIAKI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote tunawapongeza kwa kazi nzito ya kuwatibu watoto wetu minyoo wasiyokuwa nayo. Mzazi mwenye mtoto wa miaka miwili anayeharisha wiki nenda wiki rudi, tumbo limemvimba, matako yamesinyaa na hasira hazimwishi, utaratibu ameshaukariri. Ataandikiwa dawa ya minyoo, kisha flajili, kisha dawa ya minyoo tena kwa kuwa ile ya kwanza labda aliitapika. Baada ya hapo unafuata ushauri wa lishe, unaotolewa kwa sauti ya mtu anayemshuku mama kwamba chakula cha mtoto anakula yeye. Akithubutu kuuliza kama tatizo laweza kuwa ngano, anapewa hukumu isiyokatiwa rufaa: huo ni ugonjwa wa Wazungu. Basi, kwa kuwa tumeelewa kwamba kinachogomba ni uraia tu, tunaomba jambo hili limalizwe kwa njia za kawaida.

Tunaomba ugonjwa huu upewe kibali cha ukaazi, na masharti yote tutayatimiza. Barua ya serikali ya mtaa tutaifuata, ingawa mwenyekiti atataka kujua ugonjwa umepanga nyumba ya nani na kama mwenye nyumba ana taarifa. Mjumbe atathibitisha kwamba anaufahamu tangu mtoto alipoanza kula biskuti, na kwamba hauna historia ya ugomvi na majirani. Picha nne za pasipoti zenye mandhari ya bluu zitapigwa. Hapo pana ugumu kidogo, kwa sababu sura ya ugonjwa huu huonekana kwenye vijinyweleo vya utumbo mwembamba, vile vinavyofyonza chakula, nao huvilaza mpaka vikawa bapa. Afisa akidai kuona masikio yote mawili, hatutakuwa na la kumwonyesha. Wadhamini wawili tunao: unga wa ngano, mfanyabiashara anayejulikana kila duka, na shayiri, ambayo sifa zake mtaulizia baa yoyote. Ada italipwa mara tu tutakapopewa namba ya malipo. Mtandao ukiwa chini, tutarudi kesho, kama kawaida.

Huyo mdhamini wa kwanza tunaomba mumtazame vizuri. Siliaki huzuka pale kinga ya mwili wa mtu mwenye vinasaba fulani inapochokozwa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, ikaanza kuushambulia utumbo wenyewe. Gluteni haijawahi kukataliwa kuingia nchini. Inashuka bandarini kwa shehena za meli, inalipiwa ushuru, inageuka chapati, maandazi, mkate na tambi, na kwa mtoto mdogo inajipenyeza kwenye unga wa uji wa lishe ambao mama ameshauriwa auchanganye nafaka nyingi iwezekanavyo. Tangu kanuni za mwaka 2011, unga wa ngano wa viwandani unatakiwa kuongezwa madini ya chuma ili kupambana na upungufu wa damu. Mtoto wa siliaki anakula chuma hicho ndani ya kitu kilekile kinachouzuia utumbo wake kukifyonza, kisha anaandikiwa dawa ya kuongeza damu. Mnakubali kwamba ngano ni mkaazi halali. Madhara yake ndiyo mnayoyasimamisha mpakani.

Mtajibu kwamba Afrika ugonjwa huu haujaonekana. Haujaonekana na nani? Kwa wastani wa dunia unakadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila mia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 juu ya watoto wa Kisahrawi, wanaoishi kwenye kambi za wakimbizi huko Algeria, uliukuta kwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100, kiwango kikubwa kuliko cha nchi za Ulaya. Sudan nako umethibitishwa kwa watoto. Huku kwetu takwimu ni haba kwa sababu kipimo hakiandikwi, na kipimo hakiandikwi kwa sababu takwimu ni haba. Kwa mtindo huo hata ujauzito tungeufuta ndani ya mwaka mmoja.

Mtasema pia, na hapa mna hoja, kwamba kuharisha kwa mtoto wa hapa kuna sababu nyingi zinazotangulia: maji machafu, giardia, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, njaa yenyewe. Hakuna mzazi anayedai siliaki itafutwe siku ya kwanza. Anachouliza ni kwa nini isitafutwe baada ya hayo yote kutafutwa na kutibiwa bila nafuu. Kipimo cha kwanza ni damu tu: kingamwili ziitwazo anti-tTG za aina ya IgA, pamoja na jumla ya IgA, maana asiyekuwa na IgA ya kutosha anaweza kupewa majibu safi ya uongo. Maabara binafsi kadhaa za miji mikubwa hupokea sampuli hiyo. Na msisingizie uhaba wa kamera za kuingiza tumboni. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Ulaya wa mwaka 2020 unaruhusu ugonjwa uthibitishwe bila kukata kipande cha utumbo, kingamwili hizo zikifika mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida au zaidi, na sampuli ya pili ya damu ikaafiki kwa kipimo kingine. Kipimo ni ghali, kweli. Jumlisheni basi dozi zote zilizoandikwa kwa kubahatisha, nauli, na siku za kazi alizokosa mama, halafu tuzungumze ughali.

Wako wenye huruma wanaonong'ona, "Mwachishe ngano tu, uone." Hao nao wanampoteza mzazi. Mtoto akiacha gluteni kabla ya kupimwa, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na kipimo cha baadaye kinaweza kuonyesha kwamba hana kitu. Kwa hiyo mama analazimika kuendelea kumlisha mwanawe kile kinachomuumiza mpaka damu itolewe. Kila wiki mnayoahirisha, Waheshimiwa, ni wiki ya mama kumpa mtoto sumu yake kwa kijiko, kwa uaminifu, akisubiri saini yenu. Na hamkukosa ushahidi. Kadi ya kliniki inaonyesha mstari wa uzito ukipanda vizuri, ukalala mwezi ambao ngano iliingia kwenye uji, kisha ukashuka. Mmeishika kadi hiyo mkononi, mkaigonga muhuri, mkamrudishia mama, mkamwambia ajitahidi.

Mtuwie radhi, tumepandisha sauti. Turudi kwenye adabu. Inasimuliwa kwamba daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alianza kuishuku ngano miaka ya 1930 kwa sababu mama mmoja alimweleza kuwa mwanawe hupata nafuu akikosa mkate. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 mkate uliadimika, na watoto wa aina hiyo wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Mwaka 1950 aliyaandika matokeo yake katika tasnifu. Hakumwuliza mama yule elimu yake.

Tunayo pia maombi madogomadogo. Paketi za unga wa lishe ziseme wazi kama zina ngano. Mashine ya mtaani inayosaga ngano asubuhi isitusagie mahindi mchana kabla ya kusafishwa. Na neno "Wazungu" liondolewe kwenye orodha ya majibu ya maabara.

Ugonjwa huu hauna kidonge cha kuagiza nje. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote, na mbadala wake unauzwa gengeni: mahindi, mchele, mtama, ulezi, muhogo, ndizi, viazi. Nchi nyingi zingetuonea wivu. Kinachokosekana ni jina la ugonjwa kuandikwa kwenye faili, ili shule, bibi na jirani mwenye biskuti wamwamini mzazi, na ili ndugu wa damu, ambao nao wako hatarini kuliko watu wengine, wapimwe. Kibali mkikichelewesha, tutavumilia. Ila kabla ya kumwandikia mtoto yuleyule dawa ya minyoo kwa mara ya tatu, andikeni kipimo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, benchi la nje