Namna ya Kumjua Mwenye Dagaa wa Bei ya Chini Kibirizi Bila Kuzunguka Mwalo Mzima

Ukitaka kuzeeka mapema, nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi, muulize kila muuzaji bei ya dagaa, na kila bei inapobadilika anza upya. Ukimfikia wa mwisho, wa kwanza kashapandisha. Bei za pale hazitulii: kwenye giza mitumbwi hurudi na shehena, mbalamwezi ikishika taa hazivuti dagaa, na wenye mzigo wanahesabika. Kama bado unayapenda magoti yako, fuata mwongozo huu.

Usijidanganye kwamba inatosha kushika kichwani bei moja iliyo ndogo kuliko zote. Ingetosha kama wauzaji wangekuwa wanaongezeka tu. Lakini wa bei ya chini ndiye anayemaliza mzigo kabla ya wenzake. Akishakunja turubai lake, unabaki na bei ya mtu asiyekuwepo, na anayemfuatia humjui.

Kuwapanga wote mstari mmoja, wa chini hadi wa juu, nako ni kujitesa. Unamtaka mmoja, nani wa 11 na nani wa 12 inakuhusu nini?

Dawa ni lundo, mpangilio ambao J. W. J. Williams aliuelezea mwaka 1964 kwa ajili ya kompyuta. Chukua vipande 15 vya boksi, kila kimoja kiwe na jina la muuzaji na bei ya sado. Vipange chini: kimoja kileleni, viwili chini yake, kisha vinne, kisha vinane. Sharti ni moja tu: bei ya kipande isizidi bei ya chochote kati ya viwili vilivyo chini yake. Walio safu moja wakae wanavyotaka. Wa kileleni ndiye mtu wako.

Tuseme huyo, wa sh 4,000, kamaliza mzigo. Mtoe, chukua kipande cha mwisho kabisa, tuseme cha 7,000, kiweke kileleni. Chini yake wapo wa 4,500 na wa 5,000. Kibadilishane nafasi na wa 4,500, na uendelee hivyo mpaka kitulie. Hakitashuka zaidi ya mara tatu. Wauzaji 1,000 huenea safu 10, na 1,000,000 safu 20. Ndiyo maana naipenda njia hii bila kificho.

Aliyepunguza bei hulinganishwa na aliye juu yake tu, akapanda, aliyepandisha hushuka. Ila ujue alipo. Zipe nafasi namba 1 hadi 15, na kwenye daftari andika namba mbele ya kila jina. Walio chini ya nafasi ya 5 ni wa 10 na wa 11. Kipande kikihama, sahihisha daftari palepale. Wengi huharibikiwa hapa.

Halafu dagaa walioanikwa mchangani wawe na lundo lao, wa kwenye chanja lao. Ukiwachanganya, wa mchangani wataganda kileleni, nawe utatafuna mchanga kwa bei nafuu. Lundo halina meno, linaona namba tu.

Muuzaji wa katikati akiondoka, kipande cha mwisho kichukue nafasi yake: kijaribu kwanza kupanda, kikishindwa kishuke. Akirudi na mzigo mpya, anaanzia mkiani kama wenzake.