Mwalimu na Volvo ya Namba A

Dar es Salaam huhitaji kadi ya gari ili ujue umri wake. Unasoma herufi tu kwenye kibao cha namba. Namba E ni waliofika juzi, namba D wanajikaza, namba C wanajitetea. Volvo 240 ambayo Mwalimu alipelekwa kuiona Tabata ilikuwa namba A, na hata hiyo A ilikuwa ya kubadilishiwa, maana gari lenyewe lilitoka kiwandani mwaka 1986, likasajiliwa enzi za namba za TZ.

Mwalimu, anayefundisha hesabu sekondari na anayeitwa hivyo na kila mtu hadi muuza chapati, alikuwa ameshakaa na kalamu. Kuagiza gari Japani kulimshinda kwenye kodi: likifika miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu, na lisilofika miaka minane lina bei ya watu wengine. Toyota alizoonyeshwa mjini kwa pesa aliyokuwa nayo zilikuwa zimeshafanya teksi, zikapumzika, zikafanya teksi tena. Volvo ilikuwa inauzwa kwa bei ya bodaboda mbili mpya. Bei ya namna hiyo humfanya mtu mwenye akili timamu aanze kuamini mambo.

"Mwalimu wangu, hii siyo gari, hii ni nyumba," alisema dalali akiipiga boneti kofi. Kisha akahubiri. Mkanda wa usalama unaopita begani na kiunoni, huu tunaofunga tukimwona trafiki, ulibuniwa na mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, mwaka 1959, na kampuni ikawaachia wenzake wautumie bure. Model ya 240 ilitengenezwa tangu 1974 hadi 1993, ikafika zaidi ya magari milioni 2.8. Na kuna Mmarekani, Irv Gordon, aliyenunua Volvo P1800 ya mwaka 1966 na kufikisha nayo maili milioni tatu mwaka 2013, yaani kama kilomita milioni 4.8.

"Na kazi yake ilikuwa nini? Mwalimu! Mwalimu wa sayansi, kama wewe!"

Dalali huyo hakudanganya hata kidogo, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Ila Gordon aliinunua ile gari mpya, akaiendesha yeye, akaimwagia oili kwa ratiba kwa zaidi ya miaka arobaini. Ya Tabata ilianza na mtaalamu wa mradi mmoja wa misaada, wakati Sweden ikiwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa Tanzania, ikahamia kwa mganga wa hospitali, ikapita kwa watu ambao kadi haiwataji, ikaishia kwa mfuga kuku. Sifa za ukoo ilikuwa nazo. Harufu ilikuwa ya kwake peke yake.

Dashibodi ilionyesha kilomita 214,306. "Bado mbichi," dalali akasema. Wakaenda nayo hadi Segerea na kurudi, na waliporudi ilikuwa 214,306. Ni ugonjwa unaojulikana wa 240: ndani ya saa ya spidi kuna gia ndogo ya plastiki ambayo meno yake huvunjika, mshale ukaendelea kucheza kama kawaida huku hesabu ya kilomita imelala. Ililala lini, hakuna wa kuulizwa.

Safari hiyo fupi ilifundisha mengine. Sweden iliamuru magari yawashe taa hata mchana tangu mwaka 1977, kwa hiyo taa za Volvo hii zinawaka injini ikiwaka, utake usitake. Njia nzima madereva waliokuja mbele walikuwa wakifumba na kufumbua vidole: taa, mzee, taa! Mwalimu, mtu wa heshima, aliwapungia mkono mmoja mmoja mpaka alipochoka. Taa hizohizo zina waipa zake ndogo za kufutia theluji. Kiti cha dereva nacho kina waya wa kukipasha joto, na dalali, kwa kutaka kuonyesha kwamba umeme wa gari uko salama, akabonyeza swichi. Ulikuwa mwezi wa Februari, saa nane mchana. Kiti kilifanya kazi vizuri sana.

Kisichofanya kazi kilikuwa feni. Kwenye 240 feni imefukiwa katikati ya dashibodi kiasi kwamba mafundi wa nchi nyingi wanaapa Volvo walianza kwa kuining'iniza hewani, halafu wakalijenga gari kuizunguka. Kuibadilisha ni kazi ya kutwa nzima, na hiyo ni baada ya kuipata.

Halafu usukani uko kushoto. Mkewe Mwalimu alikaa kulia, na walipokwama nyuma ya lori la mchanga, Mwalimu akamwomba achungulie kama kunapitika.

"Kwa hiyo, Baba Neema, mimi ndiyo konda?"

Kwenye maegesho ya supamaketi alilazimika kushuka, akazunguka gari, akabonyeza kitufe cha tiketi upande wa pili, akazunguka tena kwenda kukaa huku foleni nyuma yake ikimpigia honi. Kura za watoto lakini zilikuwa zimeshapigwa. Kwenye buti kuna kiti cha ziada cha watoto kinachotazama nyuma, na tangu wakikalie hawakutaka kusikia habari ya gari jingine. Hata baba yao alikuwa na la kutetea: gari hili refu linageuka ndani ya mita 9.8 tu, jambo ambalo mtu wa vichochoro vya Tabata hawezi kulidharau.

Jumatatu wakaipeleka Gerezani, kwa fundi mzee aliyejifunzia kazi Kibaha wakati kiwanda cha TAMCO kikiunganisha malori ya Scania. Mzee hakusema neno. Aliwasha injini, akafungua mfuniko wa oili, akafunika tundu kwa glavu ya mpira. Glavu ikajaa taratibu, vidole vikasimama, ikabaki inatikisika kama mkono wa mtu anayeaga stendi.

"Inakuaga, Mwalimu," fundi akasema. "Pumzi ya injini haina pa kutokea. Kuna kidude cha plastiki hapa chini kimeziba kwa masizi. Kikiachwa, presha itasukuma oili kwenye sili zote."

Akashika waya mmoja karibu na injini, akaukunja kwa vidole viwili. Ganda likavunjika na kumdondokea kiganjani kama unga. Volvo za miaka ya 80, hadi karibu 1987, zina ubovu huo: ganda la nyaya za upande wa injini huoza lenyewe, shaba ikabaki uchi, na gari linaanza kuzima pale linapojisikia.

Dalali akaanza kuangalia simu yake. Fundi, kinyume na ilivyotarajiwa, alikuwa amefurahi. Injini hii, alisema, hata mkanda wa taimingi ukikatika valvu hazigongani na pistoni. Unafunga mwingine unaondoka. Nyaya ni nyaya, fundi umeme atazisuka upya moja moja. Bushi zitakerezwa palepale Gerezani. Kidude cha pumzi kinazibuliwa. Mwalimu akachora mstari katikati ya karatasi: kushoto yanayotengenezeka kwa mikono ya watu wa mtaa huu, kulia yanayosubiri ndege kutoka Ulaya. Kulia yalibaki mawili, feni na gia ya kilomita, na hakuna gari lililowahi kulala njiani kwa kukosa hivyo.

Karatasi hiyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, inampa mnunuzi mwanga kuliko maili zote za Mmarekani. Toyota IST ingemletea matatizo mengi ya upande wa kushoto, tena yenye spea kila kona, lakini si kwa bei ya bodaboda mbili.

Mwalimu akatoa ofa ya bodaboda moja na nusu. Mkewe akaongeza sharti: kioo kikubwa cha pembeni upande wa kulia, maana yeye hakuolewa awe konda. Mfuga kuku akakubali yote, ila akaomba gari akae nalo hadi Jumamosi, ana trei za mayai za kupeleka Buguruni. Jumamosi Volvo ikawaka kwa swichi ya kwanza, ikapeleka mayai yote bila kuvunjika hata moja, na jioni mwenyewe akapiga simu kusema ameongeza laki tatu.