Katika Kumsifu Kasuku wa Nyumbani

Farasi amesifiwa kwa mbio zake, simba kwa ushujaa wake, na ngamia kwa subira yake. Lakini kasuku, ambaye amejitaabisha kujifunza lugha yetu ilhali hakuna hata mmoja wetu aliyejitaabisha kujifunza yake, ameachiwa dharau tupu, hata mwalimu akitaka kumtahayarisha mwanafunzi asiyefahamu alisomalo humwita kwa jina la ndege huyu. Dhuluma hii imedumu muda mrefu, nami leo nakusudia kuiondoa, au walau kuipunguza.

Ninayemsifu ni yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye asili yake ni misitu inayoanzia Afrika Magharibi, ikapitia Kongo na Uganda, hata ikakoma magharibi ya Kenya. Kokatieli wa Australia, mwenye kishungi na mashavu ya rangi ya chungwa, ni jamaa yake mdogo, hodari wa kupiga mbinja kuliko kusema. Simdharau, ila ufasaha wake hautoshi kuleta fitina nyumbani, na kwa hiyo hastahili insha nzima. Huyu wetu hana midomo wala meno, na sauti yake haitoki kooni kama yetu, bali chini kifuani, pale njia ya pumzi igawanyikapo mara mbili. Na kwa vyombo duni kama hivyo huweza kumwiga bwana wa nyumba kikohozi, kicheko na hasira, hata mkewe akiwa jikoni akaitika.

Fadhila ya kwanza ya kumfunza kasuku kusema ni kwamba humrejeshea mtu mzima unyenyekevu wake. Mzee wa heshima, ambaye akisema barazani wengine hunyamaza, husimama asubuhi mbele ya tundu na kipande cha ndizi mkononi, akirudia kwa sauti ya upole, "Sabalkheri, sabalkheri," naye mwanafunzi humtazama kwa jicho moja, mboni ikisinyaa na kupanuka, mguu mmoja umeshika kijiti na mwingine umeshika mbegu ya alizeti anayoibambua pasipo haraka yoyote. Na mzee anapozidi kuinama, akidhani kwamba sasa neno limefika ulimini, kasuku hufungua kinywa akatoa mlio wa bawaba ya mlango usiotiwa mafuta.

Wasiojua husema ndege huyo ni mzito wa kufahamu. Hasha! Mwanachuoni wa Marekani, Bibi Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa namna hii katika duka moja la Chicago mwaka 1977, akamwita Alex, na kabla ya kufa kwake mwaka 2007 ndege huyo alikuwa akijua maneno yapatayo 100, akitambua rangi na maumbo, akihesabu hadi 6, na akichoshwa na maswali akiomba kurudishwa kizimbani, jambo ambalo watahiniwa wengi wangelipenda kuliomba wakakosa ujasiri. Siri ya elimu yake haikuwa kusemeshwa peke yake. Bibi huyo aliweka watu wawili mbele ya ndege, mmoja akiuliza, wa pili akijibu na kupewa kile alichokitaja, na kasuku, akiona wivu, akatamani kuingia katika mazungumzo.

Basi na tufikiri. Watu wawili wakabiliane mbele ya ndege, waseme kwa shauku, na mmoja wao apate kitu mwishoni: ni nini hicho kama si ugomvi wa mume na mke juu ya pesa za sokoni? Majumba yetu yamekuwa madarasa ya kasuku tangu zamani, na sisi tumekuwa tukifundisha bila kujua. "Sabalkheri" ya mzee, inayosemwa na mtu mmoja asiyetarajia kitu, haina ladha; lakini "Mwambie sipo," inayonong'onwa kwa hofu mdai anapobisha hodi, na mtoto akatumwa mbio mlangoni, hiyo ina moto ndani yake, na kasuku huikamata upesi. Siku mdai anaporudi, ndege humjibu mwenyewe, kwa sauti ya mwenye nyumba, tena kwa adabu kamili: "Mwambie sipo." Ni karani gani wa mahakama aandikaye ushahidi kwa uaminifu kama huo, bila mshahara ila njugu?

Huko Lincolnshire, Uingereza, mwaka 2020, kasuku 5 waliowekwa pamoja katika hifadhi moja walianza kutukana, na kila walipotukana watu walicheka, nao kwa kuchekewa wakazidi; mwisho wakaondolewa mbele ya wageni na kutenganishwa. Waliochekeshwa hawakutenganishwa na mtu.

Sitakawia juu ya vumbi jeupe linalotoka manyoyani mwake na kutua juu ya kila kitu, wala kidole anachokiuma, wala makelele yake ya magharibi. Hizo ni kodi ndogo kwa mpangaji mkubwa. Lililo kubwa ni umri. Kasuku akitunzwa vyema aweza kufika miaka 50, na kwa hiyo hukaa nyumbani baada ya mwenyewe kuondoka. Na mjane aliyekwisha kuzoea ukimya husikia mchana mmoja sauti ya marehemu ikiagiza kahawa, na ikilalamika kwamba imechelewa.

Biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaokamatwa porini imepigwa marufuku, kwa uamuzi uliopitishwa Johannesburg mwaka 2016, maana misitu mingi imekwisha kutolewa wasemaji wake. Basi msomaji asimnunue anayeletwa gizani ndani ya kikapu. Na aliye naye tayari, namsihi amtaje katika wosia, pamoja na nyumba na minazi, aandike jina la mrithi, na amwonyeshe mrithi huyo ndege mapema, ili asikie mwenyewe, angali hai mwenye kuulizwa, yote yaliyokwisha kusemwa humo ndani.